Kufa, Kujiua na Kupukutika: Asili ya Kifo cha Seli katika Viumbe vya Seli Moja na Suala la Istilahi

Ikisiri

Tangu miaka ya 1990 wanabiolojia wamekuwa wakieleza kwamba viumbe vya seli moja, vikiwemo vimelea vya malaria na vya malale, vinaweza kufa kwa kufuata utaratibu uliomo ndani ya seli yenyewe. Makala haya yanajadili asili ya kifo hicho katika mageuko ya viumbe. Hoja kuu ni kwamba nadharia zinazoshindana kuhusu asili hiyo zinatofautiana katika mambo yale yale ambayo kitenzi cha Kiswahili huyabainisha kwa viambishi: nani anatenda, nani anatendwa, na kwa faida ya nani. Kwa hiyo anayeandika kwamba seli “inajiua” huwa ameshachagua nadharia kabla ya kutoa ushahidi. Mifano ya kuanzia imechukuliwa Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega.

Utangulizi

Atokaye soko la Shinyalu kuelekea kituo cha msitu cha Isecheno huipita miti ambayo wenyeji huiita musutsu. Majani yake yaliyozeeka hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka, hata mti mmoja ukaonekana umebeba majani mabichi na ya chungwa kwa wakati mmoja. Jani hilo haling’olewi na upepo. Kabla halijaanguka, mti huwa umeshaondoa ndani yake sehemu kubwa ya naitrojeni na virutubishi vingine, kisha tabaka jembamba la seli lililo chini ya kikonyo hulegea na kuachana. Upepo hukuta kazi imekwisha.

Mwaka 1972, wanapatholojia watatu waliokuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Aberdeen, yaani John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walihitaji jina la aina ya kifo walichokiona katika seli za wanyama. Seli hizo hazikuvimba na kupasuka kama zilizounguzwa au kukosa damu. Zilinywea, kiini chake kikakatikakatika, kisha zikagawanyika vipande vilivyofungwa vizuri ambavyo seli jirani zilivimeza bila kuleta uvimbe. Mwalimu wa Kigiriki wa chuo hicho, James Cormack, aliwashauri watumie neno ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa majani yanayoanguka mtini. Hapo ndipo ilipozaliwa istilahi ya apoptosisi.

Mswahili hana haja ya kwenda Ugiriki. Kitenzi kupukutika kinabeba picha hiyo hiyo: majani hupukutika, nywele hupukutika, punje hupukutika gunzini. Kiambishi -ik- kinaonyesha hali inayokipata kitu bila kumtaja mtendaji, lakini msikilizaji anafahamu kwamba kinachopukutika kimefikia wakati wake. Kutokana na mzizi huo yanapatikana mpukutiko, kupukutisha (kazi ya dawa inayozielekeza seli za saratani kwenye kifo hicho) na kipukutishi. Kwa vigezo ambavyo wanafunzi wa istilahi wanavijua kutoka kwa Kiingi na kanuni yake ya PEGITOSCA, hasa usahihi na uzalishi, neno hili lina nguvu. Dosari yake ni kwamba watu pia husemwa kuwa “wamepukutika” wanapokufa kwa wingi kwa tauni au njaa, na maana hiyo haina utaratibu wowote ndani yake. Dosari hiyo inavumilika. Iliyo kubwa zaidi inahusu mti.

Jani lisilo na mti

Jani hupukutika ili mti uishi. Vivyo hivyo, katika mwili wenye seli nyingi, kifo cha seli moja ni sehemu ya maisha ya mwili mzima. Mfano uliochunguzwa kwa ukamilifu zaidi ni wa mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans. Katika kukua kwake mnyoo huyo hutengeneza seli za mwili 1,090. Kati ya hizo, 131 hufa, tena ni zile zile kwa kila mnyoo, na kubaki 959. Ufuatiliaji wa seli hizo na jeni zinazozielekeza kufa ulichangia Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hapa neno mpukutiko linakaa mahali pake bila mgogoro.

Sasa achukuliwe kiumbe ambacho mwili wake wote ni seli moja. Likianguka jani hilo, mti wenyewe umeanguka. August Weismann, aliyeandika juu ya asili ya kifo katika miaka ya 1880, aliona kwamba viumbe vya namna hiyo haviachi maiti vinapozaana: kimoja hugawanyika kuwa viwili, na hakuna aliyekufa. Kwa maoni yake, kifo cha kawaida kilikuja baadaye, pamoja na miili yenye seli nyingi. Mafundisho hayo yalikaa vichwani mwa wanabiolojia kwa muda mrefu, na hayakukosa mantiki. Jeni inayokifanya kiumbe kife kabla ya kuzaa hutoweka pamoja nacho. Itawezekanaje, basi, uteuzi asilia uhifadhi mtambo wa kifo ndani ya seli isiyo na mwili wa kuutumikia?

Hata hivyo, ushahidi uliendelea kurundikana. Mwaka 1995 Jean Claude Ameisen na wenzake waliripoti kifo cha aina hiyo katika Trypanosoma cruzi, na mwaka 1996 Susan Welburn na wenzake wakakiripoti katika Trypanosoma brucei rhodesiense, kimelea kinacholeta malale Afrika Mashariki, ugonjwa ambao watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria waliujua kwa uchungu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1997 zamu ikawa ya hamira. Mwaka 2000 yakatambuliwa makundi ya vimeng’enya vinavyoitwa metakaspesi katika mimea, kuvu na protozoa. Vimeng’enya hivyo ni jamaa wa mbali wa kaspesi, visu vinavyoikatakata seli ya mnyama inapopukutika, ingawa vinakata protini mahali tofauti. Mwaka 2022 Johnson na wenzake walionyesha kwamba hata bakteria zina protini za kundi la gasdemini, zinazotoboa utando wa seli baada ya kukatwa na kimeng’enya. Binadamu anazo protini za kundi hilo hilo. Kwa maneno mengine, baadhi ya zana za kifo hiki ni kongwe kuliko mnyama wa kwanza.

Swali, basi, si kama zana zipo. Swali ni zilikuwa za nini.

Vitenzi vitatu, nadharia tatu

Majibu yaliyotolewa ni mengi, lakini yakipitishwa katika chekecheke la sarufi ya Kiswahili yanabaki matatu. Dhana ni ile ile ya kifo. Viambishi na mhusika aliyefichwa ndivyo vinavyobadilika.

Jibu la kwanza ni kuuawa. Katika nadharia hii seli haina mpango wa kufa hata kidogo. Ndani yake anaishi mwingine mwenye uwezo wa kuiua. Ushahidi mzuri uko katika bakteria. Mwaka 1983 watafiti wa Kijapani Ogura na Hiraga walieleza jinsi plasmidi, pete ndogo ya DNA inayoishi ndani ya bakteria, inavyojihakikishia makazi. Plasmidi hiyo hutengeneza sumu inayodumu na kiuasumu kisichodumu. Seli ikigawanyika na mtoto mmoja akakosa plasmidi, kiuasumu kilichobaki huisha, sumu hubaki, na mtoto yule hufa. Mtazamaji wa nje ataona seli inayokufa kwa mtambo wake yenyewe. Kumbe ni mpangaji aliyemfunga mwenye nyumba kwa mkataba wa damu.

Nadharia hiyo hiyo imepanuliwa hadi kwenye mitokondria, ambayo babu yake alikuwa bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine na kubaki humo. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang ilionyesha kwamba saitokromu c, protini ya mitokondria inayosaidia kuzalisha nishati, ni mojawapo ya ishara zinazowasha kaspesi katika seli za wanyama. Wapo waliohoji: je, silaha za mgeni wa kale ndizo zilizogeuka kuwa kisu cha nyumbani? Dhana hiyo inavutia, lakini katika protozoa nyingi njia ya saitokromu c haijaonekana kufanya kazi kama inavyofanya kwa wanyama, kwa hiyo haitoshi kueleza yote.

Jibu la pili ni kufia. Kauli ya kutendea inaleta mnufaika: mtu hufia nchi, hufia dini. Nadharia hii inadai kwamba seli inayokufa imezungukwa na ndugu zake wenye jeni zile zile, na kwamba kifo chake kinawanufaisha. Jeni ya kifo haipotei, maana imebaki kwa wale walionufaika. Mfano maarufu ni Dictyostelium discoideum, kiumbe kama ameba kilichoelezwa na Kenneth Raper mwaka 1935 kutoka udongo wa msituni. Seli zake huishi peke yake katika majani yanayooza, zikila bakteria. Chakula kikiisha, maelfu kwa maelfu hukusanyika, na takriban seli 20 katika kila 100 hufa zikiwa zimejenga bua la kuwainua wenzao waliogeuka mbegu ili wasafiri mbali. Ndugu wamekuwa mti. Seli za bua zimekuwa jani. Bakteria iliyoingiwa na virusi, ikafa kabla virusi havijazaliana, inaweza kuelezwa vivyo hivyo: koloni imepona.

Hapa utafiti wa Afrika una nafasi ya heshima. Pierre Durand wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, pamoja na Armin Rashidi na Richard Michod, walichunguza mwani wa seli moja aitwaye Chlamydomonas reinhardtii. Katika makala yao ya 2011 waliweka swali katika namna inayoweza kupimwa: je, namna ya kufa ina tofauti kwa majirani? Seli zilizokufa kwa utaratibu wa ndani ziliacha majini vitu vilivyowasaidia wenzao kukua. Seli zilizopasuliwa kwa nguvu ziliacha vitu vilivyowadhuru. Mwaka 2014 Durand na wenzake waliongeza kwamba msaada ule uliwafaa walio wa spishi moja, huku ukizuia ukuaji wa spishi nyingine. Ni vigumu kupata mfano bora wa kauli ya kutendea nje ya kitabu cha sarufi.

Jibu la tatu ni kujifia. Anayesema “mbuzi amejifia tu” hamlaumu mtu, wala hadai kwamba mbuzi alikuwa na sababu. Katika nadharia hii zana zilizotajwa hapo juu hazikuteuliwa kwa ajili ya kifo. Zina kazi za kila siku, na kifo hutokea pale kazi hizo zinapoharibika. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba metakaspesi ya hamira husaidia kuondoa protini zilizogandamana ndani ya seli. Ni mfagizi kabla ya kuwa mnyongaji. Mwaka 2011 Aurora Nedelcu na wenzake, Durand akiwa miongoni mwao, walionya kwamba dhana ya kujitoa mhanga katika ulimwengu wa seli moja imekubaliwa mapema mno, na kwamba kila kisa kinahitaji kuthibitishwa kwa nafsi yake. Ni jambo la kutia moyo kwamba mtafiti yule yule aliyeleta ushahidi mzuri wa kufia ametia sahihi onyo dhidi ya kuusambaza kila mahali.

Mbu wa Shinyalu

Mgogoro huu si wa maabara za mbali tu. Kakamega ni miongoni mwa kaunti za magharibi mwa Kenya ambamo chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutolewa mwezi Septemba 2019, kwa kuwa malaria katika ukanda huo ni mzigo wa kila mwaka. Mbu jike anapomuuma mtu mwenye vimelea huvinywa pamoja na damu. Tumboni mwa mbu vimelea dume na jike huungana, na katika muda wa siku moja hivi hupatikana ookineti, kimelea chenye umbo la kijinyoo kinachotakiwa kuupenya ukuta wa tumbo. Wengi hawafiki.

Mwaka 2002 Al-Olayan, Williams na Hurd walichunguza hatua hiyo kwa kutumia Plasmodium berghei, malaria ya panya ambayo Vincke na Lips waliigundua Katanga mwaka 1948. Waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya ookineti hufa tumboni mwa mbu, zikiwa na dalili za mpukutiko. Tafsiri waliyoipendekeza ilikuwa ya kufia: vimelea vikizidi vitamwua mbu mapema, na mbu akifa hakuna atakayefika kwa mtu mwingine, kwa hiyo wengine hupunguza idadi ili waliobaki wasafirishwe salama. Mwaka 2007 Le Chat na wenzake walipoiondoa jeni ya metakaspesi ya kwanza ya kimelea hicho, kilikua kama kawaida, wala dalili za mpukutiko zilizotarajiwa hazikuonekana katika majaribio yao. Kufikia mwaka 2013 Proto, Coombs na Mottram walikuwa wakiuliza waziwazi kama vifo vya protozoa vinaratibiwa au vinatokea tu. Yaani: kufia au kujifia?

Sasa mwalimu wa biolojia Shinyalu, au mhudumu wa afya ya jamii anayeeleza kwa Kiswahili, aseme nini? Akisema kwamba vimelea vya malaria “hujiua”, atakuwa amekosea mara tatu. Kwanza, ji- pamoja na ua humfanya kimelea kuwa mtendaji mwenye nia. Pili, anayesikia anaweza kuchukua kwamba ugonjwa utajimaliza, ilhali yaliyoripotiwa yanahusu tumbo la mbu. Ndani ya damu ya mtoto, kimelea kimoja cha Plasmodium falciparum huzaa kati ya 16 na 32 kila baada ya saa 48 hivi, na mtoto huyo anahitaji kupimwa na kupewa dawa bila kungoja. Tatu, kujiua si neno jepesi kwa Mkenya. Ni mwiko katika jamii nyingi za magharibi, na kwa miaka mingi jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinakiuka Katiba mwezi Januari 2025. Neno lililobeba hatia, huzuni na kesi halifai kuwa kifaa cha kuelezea protini.

Istilahi ipi?

Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) wanawafundisha waundaji wa istilahi kuanza na dhana, si na neno la lugha chanzi. Ushauri huo unasaidia hapa, kwa sababu lugha chanzi yenyewe imechanganya. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia majina ya vifo vya seli, katika tamko lake la 2018, inatenganisha kifo cha ajali, kisichotegemea mtambo wowote, na kifo kinachopitia mtambo maalumu wa molekuli. Ndani ya hicho cha pili kuna kile kinachotokea katika ukuaji wa kawaida wa mwili. Hicho pekee ndicho kinachostahili kuitwa cha programu.

“Kifo kilichopangwa”, kinachosikika mara kwa mara, kina kasoro ya kauli ya kutendwa: kila kilichopangwa kimepangwa na fulani, na mwanafunzi makini atauliza ni nani. “Kifo cha taratibu” hakifai kabisa, maana kwa Kiswahili hicho ni kifo cha polepole, na seli inayopukutika inaweza kumaliza safari yake kwa saa chache. “Kifo ratibiwa” hakikwepi kauli ya kutendwa kwa ukamilifu, lakini kuratibu kunaweza kufanywa na mfumo bila mtu mwenye nia, kama mapigo ya moyo yanavyoratibiwa. Kwa sababu hiyo kinafaa kuwa jina la jumla, kwa mnyoo, kwa hamira na kwa kimelea. Mpukutiko ubaki kwa seli zenye mti, yaani za viumbe vya seli nyingi, au za kundi la ndugu kama la Dictyostelium pale uhusiano wao umethibitishwa.

Vitenzi vile vitatu navyo visitupwe. Vifundishwe pamoja, kama jedwali la unyambuaji linavyofundishwa, ila kila kiambishi kidaiwe ushahidi wake. Anayeandika kuuawa amwonyeshe muuaji: plasmidi, sumu, mgeni wa kale. Anayeandika kufia amwonyeshe mnufaika na kipimo cha faida, kama walivyofanya waliopima maji ya mwani. Anayeandika kujifia aonyeshe kazi nyingine ya zana ile. Na kwa ookineti zilizomo tumboni mwa mbu wa bonde la Isiukhu, kwa ushahidi uliopo, kitenzi kinachomtosha mwalimu wa Shinyalu ni kile kisicho na kiambishi hata kimoja cha nyongeza: nyingi hufa.